Programu ya kutambua prosesa inaganda ao inadanganya: tuanzie wapi

Watu wa informatiki hapa Goma wananiandikia sana juu ya kitu kimoja, kodi ya asembla (lugha ya amri za chip yenyewe) ya kutambua prosesa, yaani chip inayotekeleza amri, ni ya aina gani. Mtu ameiandika kwa laptop, ameijaribu ndani ya DOSBox (emuleta, yaani programu inayoiga mashini ya zamani) inajibu vizuri, halafu anaipeleka kwa ile mashini ya zamani aliyoipata mtaa wa Birere ao iliyotolewa kwa ofisi fulani, inaganda palepale, ao inajibu 286 na kila mtu anasoma kwa macho yake kwamba chip imeandikwa 386. Malalamiko yanafanana mno, njo maana nimeyaweka pamoja hapa, dalili kwa dalili, sababu inayotokea zaidi ikiwa mbele. Unaweza kwenda moja kwa moja kwa dalili yako, lakini usiruke kipande hiki cha kwanza.

Kabla ya kugusa kodi

Kama mashini inawaka na DOS yake iko na DEBUG (programu ndogo ya kuandika na kujaribu amri moja moja), usiilaumu kodi bado. Uliza prosesa wewe mwenyewe kwa mkono. Andika DEBUG, halafu hivi:

-a 100
pushf
pop ax
int 3
(Enter tupu)
-g

Angalia AX (rejista, yaani kijisanduku cha namba ndani ya prosesa), ile tarakimu ya kwanza kushoto. Ukiona F, kwa mfano F246, uko kwa 8086, 8088, 80186 ao NEC V20/V30, juu hizo chip zinaweka 1 kwa biti 12 mpaka 15 za flagi (biti za hali ya prosesa) siku zote, hata uzifute mara ngapi. Ukiona 0 basi ni 286 ao kubwa kuliko hiyo, hapo bado hujamaliza. Ukiona 3 ao 7 uko kwa 386 kwenda juu, na mara nyingi kuna EMM386 (msimamizi wa kumbukumbu wa DOS) ao Windows nyuma yako. Ni dakika moja tu, na tayari unajua kama utafute shida kwa kodi ao kwa mashini.

Na kanuni ya kazi yote ni hii: unapanda ngazi kutoka chini. 8086 (1978), halafu 286 (1982), halafu 386 (1985), halafu 486 (1989), mwisho CPUID (amri ya kuuliza chip jina lake) iliyozoeleka na Pentium mwaka 1993. Usitumie amri ya chip ambayo bado hujathibitisha kwamba iko. Nusu ya matatizo ninayoletewa yanatoka hapo tu.

Dalili: mashini inaganda ao inaji-reboot, haiandiki hata neno

Hii njo inaumiza watu zaidi, na karibu kila mara mashini iko XT, PC ya zamani yenye 8088, ao emuleta iliyopangwa kama XT.

Sababu ya kwanza: umeanza na CPUID ao pushfd (amri ya kusukuma flagi za biti 32) juu kabisa. Mtu anakopi kodi ya kisasa, ya kwanza kabisa ni pushfd ili ajaribu biti ya ID (biti 21, inayoonyesha kama CPUID iko), anafikiri chip ndogo itakataa kwa heshima. 8088 haikatai. Haina ile intarapti (kusimamisha kazi ili kuita kodi nyingine) ya amri isiyojulikana, kila baiti unayompa ataifanya kitu. Angalia pushfd ndani ya kodi ya biti 16: ni baiti mbili, 66 9C. Kwa 8088 ya Intel opkodi (namba za amri) 60 mpaka 6F zinafanya kazi sawasawa na 70 mpaka 7F, kwa hiyo 66 inakuwa 76, ndiyo JBE, na 9C inakuwa umbali wa kuruka, yaani baiti 100 nyuma. Kama flagi ya CF ao ZF iko 1 wakati huo programu inarudi nyuma baiti 100 na kuanza kutekeleza chochote kilichoko pale, kama ziko 0 inapita kimya kama vile hakuna kilichotokea. Njo maana mtu mmoja anasema inaganda na mwingine anasema inapita lakini jibu ni la ajabu, wote wawili wanasema kweli. CPUID yenyewe ni mbaya zaidi: 0F A2, na kwa 8088 baiti 0F ni POP CS, inachukua neno kutoka staki (rundo la muda ndani ya kumbukumbu) inaliweka ndani ya CS (rejista inayoonyesha mahali kodi iko), na hapo prosesa imehama mtaa kabisa.

Matengenezo: mtihani wa flagi za biti 16 uwe wa kwanza, na uwe na amri za 8086 peke yake.

pushf
pop ax
mov cx, ax
and ax, 0FFFh
push ax
popf
pushf
pop ax
and ax, 0F000h
cmp ax, 0F000h
je ni_8086
or cx, 0F000h
push cx
popf
pushf
pop ax
and ax, 0F000h
jz ni_286

Ukifika chini ya hapo salama, uko kwa 386 ao zaidi, sasa pushfd ni halali. Hifadhi flagi za mwanzo mahali na uzirudishe ukimaliza, usiache programu inaendelea na NT (biti 14 ya flagi) imewashwa.

Sababu ya pili, hii haionekani kwa macho: asembla imekuwekea amri ambayo wewe hukuandika. NASM (asembla, hapa ni programu ya kugeuza kodi kuwa faili) ukiiacha bila kuiambia chip, na je yako iko mbali kuliko baiti 127, inaibadilisha kuwa ile je ndefu inayoanza na 0F 84, ambayo ilikuja na 386. Wewe umeandika kodi safi ya 8086 na faili imetoka na sumu ndani. Weka mstari huu juu kabisa:

cpu 8086

Ukifanya hivyo NASM itageuza ile je kuwa jne fupi inayoruka juu ya jmp, na itakukatalia kila amri ya baadaye, hata zile watu wanasahau kwamba hazikuwepo: shl ax,4 na push 1234h na pusha, zote zimeanza na 80186. Ukifika kwa sehemu ya 386 andika cpu 386 kabla ya sehemu hiyo tu. Mimi naona hakuna mstari mmoja unaookoa muda kuliko huu, na ni wachache wanaoutumia.

Sababu ya tatu ni ya wenye TASM na MASM, asembla nyingine: wameweka .386 mbele ya .model. Kwa mpangilio huo segimenti zinakuwa za biti 32, kodi inatoka ya biti 32 na unaiendesha kwa DOS ya biti 16, kila kitu kinasomwa vibaya hata kwa Pentium. Weka .model kwanza, .386 baadaye. Kama programu inaganda kwa kila mashini, hata zile kubwa, anza kuangalia hapa mbele ya yote.

Sababu ya nne ni ya 286. Huyu anajua kukataa, akikutana na amri ya 386 anaita intarapti 6. Lakini ukiwa hujaweka kishughulikiaji chako, BIOS (programu ya ndani ya mashini) nyingi zinajibu kwa iret tupu, na anwani iliyohifadhiwa kwa staki ni ya ile amri mbovu yenyewe siyo ya inayofuata. Basi anarudi, anakosea, anaita 6, anarudi tena, mpaka uzime. Kama unataka kutumia intarapti 6 kwa kutambua, kishughulikiaji kiongeze urefu wa amri kwa IP iliyoko kwa staki, na urudishe vekta (anwani ya kishughulikiaji) ya zamani kabla ya kutoka. Na kumbuka njia hii haifai kabisa kwa 8088, kwa sababu nimeeleza juu.

Dalili: inajibu, lakini inashusha ao inapandisha chip

Inasema 286 kumbe iko 386 ao 486. Hapa uliza kwanza: EMM386 iko kwa CONFIG.SYS? Uko ndani ya dirisha la DOS la Windows? Kwa hali hiyo prosesa iko ndani ya V86 (hali ya 386 ya kuiga 8086) na popf haiwezi kubadilisha IOPL, biti 12 na 13. Mtu aliyejaribu biti hizo mbili peke yake anaona hazibadiliki, anahukumu 286. Kodi niliyoweka juu haianguki hapo kwa sababu inaangalia na NT, biti 14, ambayo inakubali kuwashwa. Check rahisi: bonyeza F5 wakati MS-DOS 6 inaanza ili iruke CONFIG.SYS, jaribu tena. Jibu likibadilika umeshampata mwenye kosa. Ukitaka programu yenyewe ijue, tumia smsw ax ukishathibitisha 286 kwenda juu, biti 0 ikiwa 1 na wewe uko DOS basi kuna msimamizi juu yako. Usitumie mov eax,cr0 kwa kazi hiyo, ndani ya V86 inakatazwa.

Inasema 8086 kumbe iko V20 ao 80186. Hii siyo kosa, ni kwamba mtihani wa flagi hauwatenganishi. 80186 inakata hesabu ya kusogeza biti ibaki tano za chini, 8086 haikati:

mov al, 0FFh
mov cl, 33
shr al, cl
jnz ni_186

Kwa 8086 biti zote zimetoka na AL ni 0, kwa 186 thelathini na tatu inakuwa moja na AL inabaki 7F. V20 nayo haikati, kwa hiyo itaanguka upande wa 8086, hapo umpe mtihani wa kuzidisha: washa ZF kwa xor al,al, halafu mov al,40h, halafu mul al. Intel inafuta ZF, NEC inaiacha kama ilivyokuwa. ZF ikibaki 1 uko na V20 ao V30. V20 ziko nyingi kwa mashini za zamani juu watu walizichomeka mahali pa 8088 ili kupata mwendo kidogo, usishangae ukiikuta.

Inasema 386 kumbe iko 486: unajaribu biti 18 ya EFLAGS, ile AC. Angalia kama umesukuma biti 32 kweli, pushfd na popfd, siyo pushf, kwa pushf biti 18 haipo kabisa. Kosa dogo na linarudi kila mara.

Inasema 486 kumbe kuna Pentium ao kitu kama hicho. Kama biti 21, ile ID, haigeuki, CPUID haipo. 486 za kwanza hazina CPUID na huo ni ukweli wa chip, siyo bug, acha kutafuta. Lakini Cyrix 6x86 iko na CPUID na inaamka ikiwa imezimwa, kwa hiyo inaonekana 486. Mtihani wa Cyrix ni wa kugawanya 5 kwa 2: safisha flagi kwa sahf, fanya div, soma kwa lahf, kwa Cyrix flagi hazikuguswa na AH inabaki 2. Ikishathibitika njo unaweza kufungua CPUID kwa kupitia bandari (milango ya kuongea na vifaa) 22h na 23h: kwanza rejista C3h, nusu ya juu iwe 1, halafu E8h biti ya 7 iwe 1, kila mara andika 22h upya kabla ya kugusa 23h, na cli mbele ya yote. Onyo, na hapa nasisitiza sana: usiandike kwa bandari hizo kama mtihani wa 5/2 haujakubali. Kwa mazabodi (ubao mkuu) nyingi 22h na 23h ni mlango wa mipangilio ya chipset (chip za kuongoza ubao), ukibadilisha baiti usiyoijua mashini inaweza kuganda ao kupoteza RAM mpaka uizime.

Jina la mtengenezaji kutoka CPUID linatoka GenuntelineI badala ya GenuineIntel. Umeandika EBX, ECX, EDX. Mpangilio ni EBX, EDX, ECX. Basi.

Dalili: emuleta inasema hivi, mashini ya kweli inasema vile

Wengi wetu tunajifunzia emuleta juu mashini za kweli ni chache na umeme wa hapa hautabiriki, kwa hiyo hii dalili iko na uzito wake. Emuleta inajibu vile imepangwa, na inaiga zile tabia tu ambazo mwenye kuitengeneza aliona ni muhimu.

DOSBox 0.74 njo ya kwanza kuangaliwa. Iko na cputype: auto, 386, 386_slow, 486_slow, pentium_slow na 386_prefetch. Hakuna 8086 hapo, hakuna 286. Mtu anashusha cycles mpaka 300 akidhani amepata XT, cycles ni mwendo tu, chip inabaki ileile. Kwa hiyo kodi yako inaweza kuwa na pushfd mstari wa kwanza na DOSBox haitasema kitu kamwe, halafu unafika kwa 8088 unaona balaa niliyoeleza. Na auto ni mchanganyiko wa tabia, haifuati chip moja, ukipima kutambua weka jina la chip wazi ndani ya dosbox.conf.

Kwa kupima ngazi za chini chukua 86Box, unachagua mashini na prosesa yake, ao MartyPC ambayo imejengwa kuiga 8088 kwa uangalifu mkubwa sana hata kwa hesabu za mizunguko. Pitisha faili ileile moja kwa 8088, kwa 286, kwa 386, kwa 486, bila kuasembla upya. Ikianguka mahali pamoja unajua ni ngazi gani.

Halafu kuna mtihani wa kutenganisha 8088 na 8086, huu unadanganya karibu kwa kila emuleta nyepesi. Chip hizi mbili zinafanana ndani ila foleni ya kusoma amri mbele: 8086 inashika baiti 6, 8088 baiti 4. Kodi inabadilisha baiti iliyoko mbele kidogo, kwa umbali wa kuingia foleni ya 6 lakini siyo ya 4. Kwa 8086 baiti ya zamani imeshaingia, inatekelezwa ya zamani, kwa 8088 inasomwa mpya. Sasa emuleta isiyokuwa na foleni inasoma mpya kila mara, njo maana itakuambia 8088 hata umeipanga vipi. QEMU, emuleta nyingine, iko hivyo, inaona kodi imebadilika inaifuata palepale. Kwa DOSBox kuna 386_prefetch na inadai core iwe normal, ukiweka dynamic inakataa kuanza, lakini ile ni foleni ya 386, haikusaidii kwa mtihani huu. Kwa chip ya kweli weka cli mbele, juu intarapti ikiingia katikati foleni inafutwa na 8086 itajifanya 8088.

QEMU nayo, ukiacha chip ya kawaida qemu64 bila KVM (njia ya kutumia chip ya kweli ya laptop), inajitambulisha AuthenticAMD hata laptop yako ni Intel. Taja -cpu 486 ao -cpu pentium na uendelee.

Dalili: inaganda ikifika kwa koprosesa

Koprosesa ni chip ya pili ya hesabu za namba zenye nukta. Karibu kila mara shida ni finit badala ya fninit. Asembla inatia WAIT, baiti 9B, mbele ya finit, na kama soketi ya 8087 (koprosesa ya 8088) iko tupu 8088 inangoja jibu ambalo halitakuja. Andika fninit, weka 5A5Ah ndani ya neno la kumbukumbu, halafu fnstsw kwa neno hilo hilo. Baiti ya chini ikiwa 0 koprosesa iko. Usitumie fnstsw ax hapa, 8087 haiijui, ilianza na 287. Na 486SX haina koprosesa, jibu la hakuna kwa chip hiyo ni sahihi.

Dalili: programu ileile, mashini ileile, kila ukiwasha jibu lingine

Hapa acha kodi. Nasema kwa moyo wote, kuna vijana wanakesha wakiandika upya mitihani na shida iko kwa umeme.

Ya kwanza ni pawa saplai na umeme unaoingia. Pitisha kwa stabilizatere, usiwashe dakika ile umeme umerudi, ngoja utulie. Ya pili ni miguso: zima, chomoa waya kwa ukuta, toa RAM na kadi, safisha vumbi, hapa kwetu linaingia kila upenyo, rudisha. Ya tatu ni betri ya mazabodi za 286 mpaka 486, ile ya pipa ndogo iliyochomelewa juu ya ubao, inavuja na kula njia za shaba pembeni yake. Ukiona kijani ao weupe pale usiwashe tena. Ya mwisho ni chip yenyewe, nayo ni nadra, ila 386 za kwanza ziko kweli na kosa la kuzidisha biti 32, zile zenye kasoro ziligongwa muhuri 16 BIT S/W ONLY. Ukisoma maneno hayo kwa chip, utambuzi wako wa 386 uko sahihi na hesabu zako za biti 32 ndizo usiziamini.

Mahali pa kusimama na kumuita fundi wa elektroniki: ukihitaji kufungua pawa saplai ao skrini ya kizamani, usifungue, kapasita zake zinashika umeme mkali hata baada ya kuchomoa. Ukisikia harufu ya kuungua ao kitu kimepasuka kwa ubao, zima na usijaribu mara ya pili. Betri iliyovuja inataka mtu mwenye chuma cha kuchomelea bati na anayejua kusafisha njia. Na ukitaka kubadilisha 486 kwa 486 nyingine, usichomeke kwa kuwa tu miguu inaingia: DX2 ya 66 nyingi ni za 5 V, DX4 iko ya 3.3 V, na ubao usiokuwa na jampa ya kushusha volti utaichoma DX4 mara ya kwanza ukiwasha. Tafuta alama ya volti iliyoandikwa juu ya chip na mpangilio wa jampa wa ubao huo huo, ukikosa moja kati ya hizo mbili acha chip ya zamani ikae mahali pake.